Shule tatu za kata, mtoto mmoja: mnalinganishaje?

MamaWawili_Kilosa

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua sekondari za serikali za vijijini, hasa walimu na waliofanya kazi ofisi za elimu.

Binti amemaliza darasa la saba, Januari anaanza kidato cha kwanza. Tuko Wilaya ya Kilosa, mbali na mji. Shule zinazofikika ni tatu, zote za serikali, zote za kutwa:

Ya kwanza ni ya kata yetu, ndiko alikopangiwa. Kilomita 5. Ni ya zile zilizojengwa enzi za MMES (mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya sekondari), ina wanafunzi wengi. Kwenye ubao wa matangazo wameandika ufaulu wa kidato cha nne ni zaidi ya asilimia 85.

Ya pili ni ya kata jirani, kilomita 11. Watu wanaisifia, GPA yake (wastani wa alama za matokeo) ni nzuri kuliko yetu, na ina hosteli ya wasichana.

Ya tatu ni mpya kabisa, kilomita 2 tu kutoka nyumbani. Majengo safi sana, lakini bado haijafikisha kidato cha nne.

Binti anapenda hisabati na sayansi. Naangalia nini ili nisidanganyike na maneno ya watu wala na rangi ya majengo? Na nikiona aliyopangiwa haifai, uhamisho unafanyikaje?

---

Chaki_na_Ubao

Dada, anza kwa kuisahau hiyo asilimia 85 ya kwenye ubao. Sio uongo, ila haisemi unachotaka kukijua.

Kidato cha nne mtahiniwa anapimwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni alama 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 hadi 35 ni sifuri. Sasa piga hesabu: mtoto mwenye D mbili na F tano ana 8 jumlisha 25, yaani 33. Huyo ni daraja la nne, na kwenye ubao anahesabiwa amefaulu. Shule inaweza kuandika ufaulu asilimia 85 huku sehemu kubwa ya hiyo 85 ikiwa ni watoto wa namna hiyo, ambao kidato cha tano hawaendi. Ili kuchaguliwa kidato cha tano anatakiwa asizidi alama 25, awe na C tatu au zaidi, na masomo yake ya tahasusi (yale matatu ya mchepuo atakaosoma) yawe na alama zisizozidi 10 kwa pamoja. Kwa hiyo kamba ya kupimia ni daraja la kwanza hadi la tatu. La nne liweke pembeni.

Hatua ya pili ndiyo wengi wanairuka, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Usiangalie waliofanya mtihani tu, angalia wangapi walianza. Ingia tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), fungua matokeo ya kidato cha nne ya 2024 ya shule hiyo, hesabu watahiniwa. Kisha fungua matokeo ya kidato cha pili ya 2022 ya shule hiyohiyo. Ni kundi lilelile, miaka miwili nyuma.

Nikupe namba za kubuni uone kinachotokea. Tuseme shule ya pili ina watahiniwa 60 wa kidato cha nne, na 24 kati yao wamepata daraja la kwanza hadi la tatu. Hiyo ni asilimia 40. Shule yenu ina watahiniwa 140, waliopata ni 42, asilimia 30. Mtu yeyote atakwambia ya pili ni bora. Sasa rudi kidato cha pili. Ya pili ilikuwa na 110, yenu 150. Gawanya upya: 24 kwa 110 ni kama asilimia 22, na 42 kwa 150 ni asilimia 28. Shule "nzuri" imepoteza watoto 50 njiani na GPA yao imependeza kwa sababu dhaifu hawakufika kwenye chumba cha mtihani. Wengine wamekariri, wengine wamehamishwa, wengine wameacha shule kabisa. Mwanao unampeleka kidato cha kwanza, kwa hiyo na yeye yumo kwenye wale 110.

Fanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka mmoja hautoshi, shule ya watahiniwa 60 inaweza kupanda au kushuka sana kwa sababu ya kuondoka kwa mwalimu mmoja wa hisabati.

Kuhusu GPA ya kituo: inaanzia 1 hadi 5 na ndogo ndiyo bora. Wapo wazazi wanaosoma kinyume, wakiona 4.1 wanafurahi. Na usisumbuke kutafuta "nafasi ya shule kitaifa", NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora Januari 2023. Wala usipime shule hizi kwa kuzilinganisha na Kilakala au Mzumbe kwa sababu tu ziko mkoa mmoja. Zile zinapokea watoto waliochujwa taifa zima kutoka darasa la saba, shule ya kata inapokea kila aliyefaulu kwenye kata.

---

Bureti50

Naongezea upande wa sayansi, maana binti anaelekea huko.

Chini ya ukurasa wa matokeo wa kila shule kuna jedwali la masomo. Kila somo lina namba yake: 031 Fizikia, 032 Kemia, 033 Biolojia, 041 Hisabati. Safu ya REG ni waliosajiliwa, SAT waliofanya, PASS waliofaulu, halafu GPA ya somo. Wengi wanaruka moja kwa moja kwenye GPA. Wewe anza na REG.

Kwenye matokeo hayo ya 2024 Biolojia na Hisabati zilikuwa za lazima kwa kila mtahiniwa. Fizikia na Kemia walizisoma kidato cha kwanza na cha pili, wakiingia cha tatu waliweza kuziacha. Kwa hiyo weka REG ya Biolojia kando ya REG ya Fizikia. Ukikuta Biolojia 130 na Fizikia 9, jua mkondo wa sayansi pale umekufa au uko mahututi. Na hao 9 wanaweza kuwa na GPA nzuri ya Fizikia kuliko shule yenye 50, kwa sababu ni wale tisa wagumu waliokataa kuacha. Shule inayobakiza watoto 45 kwenye Fizikia na nusu yao wanapata C kwenda juu ni shule yenye mwalimu anayefundisha.

Sababu ya kawaida ya watoto kukimbia ni kwamba mwalimu hakuwepo kidato cha kwanza na cha pili. Mtoto anafika cha tatu hajui vipimo wala kubadili gramu kwenda moli, anaambiwa "nenda sanaa". Kwa hiyo ukienda shuleni uliza swali hili kwa maneno haya: "Nani anafundisha Fizikia na Hisabati kidato cha kwanza na cha pili, na ana vipindi vingapi kwa wiki?" Ukiuliza "mna walimu wa sayansi?" utajibiwa ndiyo, hata kama yupo mmoja anayebeba Fizikia na Hisabati vidato vyote vinne. Uliza pia kama ameajiriwa na serikali au anajitolea na kulipwa kwa michango ya wazazi. Wa kujitolea wanafanya kazi nzuri sana, lakini ajira ikitoka anaondoka katikati ya muhula na hakuna wa kumlaumu.

Maabara usiulize kama ipo. Kulikuwa na agizo la nchi nzima kila sekondari iwe na maabara tatu kabla ya mwisho wa 2014, majengo yakasimama sehemu nyingi na vifaa vikabaki nyuma. Omba kuingia ndani. Angalia: je, sinki linatoa maji? Bureti na pipeti ni ngapi, na ni za kioo kizima au zimekatika ncha? Kuna chanzo cha moto, gesi au majiko ya spiriti? Kemikali zina lebo zinazosomeka? Chumba kikiwa kimejaa viti vibovu na maboksi ya vitabu, umeshajibiwa. Kipimo kizuri zaidi ya hivyo vyote ni daftari la majaribio la mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne. Lina tarehe. Ukiona majaribio yameanza kuandikwa Agosti ya kidato cha nne, miezi miwili au mitatu kabla ya mtihani, hiyo ni shule inayokaririsha titresheni (jaribio la Kemia) bila kuielewa.

---

Ikama_Mstaafu

Chaki_na_Ubao kasema vizuri ila nirekebishe kidogo. Namba ya kidato cha pili ina wanaokariri ndani yake. Asiyefikia kiwango kidato cha pili anarudia mwaka, kwa hiyo anahesabiwa mara mbili kwenye miaka miwili tofauti. Pengo la watoto 8 au 10 kati ya kidato cha pili na cha nne linaweza kuelezwa na hilo pamoja na uhamisho wa kawaida. Pengo la theluthi ya darasa halielezwi na kukariri. Hapo ni utoro, mimba, au watoto kusukumwa pembeni.

Tena angalia jedwali la madaraja, limegawanywa wasichana na wavulana. Wasichana wakiwa wengi kidato cha pili halafu kidato cha nne wamepungua kuliko wavulana, tatizo la shule hiyo ni njia na malazi, sio ufundishaji. Kwa binti hilo ni la kuangalia kabla ya GPA.

Na watahiniwa wenye ABS kwenye orodha ni waliosajiliwa lakini hawakufika. Wakiwa wawili watatu ni kawaida. Wakiwa 15, uliza.

---

MamaWawili_Kilosa

Asanteni sana. Nimefungua matokeo leo. Kwenye shule ya pili waliosajiliwa Fizikia ni wachache mno ukilinganisha na Biolojia, na wasichana wanapungua kweli kati ya kidato cha pili na cha nne. Sikutegemea. Yetu sio nzuri sana kwa madaraja lakini haipotezi watoto.

Sasa nisaidieni mawili. Hosteli ile inanivuta kwa sababu ya umbali, je, hosteli ya shule ya kata inalindwa vipi? Na ile mpya ya kilomita 2, inahukumiwaje kama haina matokeo?

---

Matroni_Tano

Hosteli na bweni sio kitu kimoja, hilo lishike kwanza. Shule ya bweni ya serikali imesajiliwa hivyo na chakula chake kina bajeti ya serikali. Hosteli ya shule ya kutwa inaendeshwa kwa makubaliano ya wazazi: chakula, mlinzi, mpishi, wakati mwingine hata matroni, vyote ni michango. Michango ikikwama Machi, mlinzi anaondoka Aprili. Kwa hiyo ulizia nani analipwa na nani, na omba kuona kumbukumbu za kikao cha wazazi kilichopitisha kiasi hicho.

Nenda saa za jioni, sio asubuhi. Angalia haya:

Matroni analala ndani ya uzio au anakuja na kuondoka? Kama anaishi kijijini, hosteli haina matroni.

Milango inafunguka kwa nje? Madirisha yenye nondo zilizochomelewa yakiwa ndiyo njia pekee mbali na mlango mmoja, usimlaze mtoto hapo. Mkaa, mshumaa na chaja za simu ndani ya chumba cha vitanda vya juu na chini ni hatari, na usiku moto haupigi hodi.

Maji yanatoka wapi mwezi wa kumi? Si Aprili, Aprili kila mahali kuna maji. Wasichana wakitumwa mtoni saa 12 jioni na ndoo, umeondoa hatari ya njia ya shule ukaingiza ya njia ya maji.

Choo: kiwango kinachotumika ni tundu moja kwa wasichana 20. Hesabu matundu, gawanya. Na kiwe na mlango unaofunga kwa ndani, pamoja na sehemu ya kubadilishia na kutupia taulo za kike.

Kitu ambacho sikubaliani nacho hata kidogo ni kupanga geto karibu na shule, binti wa miaka 13 au 14 na wenzake wawili kwenye chumba cha kukodi, wanajipikia wenyewe. Wazazi wanafanya hivyo kwa nia njema ili kukwepa kilomita 11. Lakini mtoto anayejipikia ndiye anayeishiwa unga Alhamisi, na mtu wa kumpa chipsi hakosekani. Ikibidi achague kati ya geto na shule ya karibu yenye matokeo ya wastani, mpeleke ya karibu.

Kwa kutembea bila hosteli, piga hesabu ya mtoto, sio ya bodaboda. Mwendo wa kilomita 4 kwa saa, kilomita 11 ni saa mbili na dakika 45. Mstarini ni saa 1:30 asubuhi, kwa hiyo anatoka nyumbani saa 10:45 alfajiri, gizani. Kurudi hivyohivyo. Hiyo sio shule. Kilomita 5 ni kama saa moja na robo, inavumilika kwa mguu na kwa baiskeli ni nafuu, ila Kilosa mnajua masika: ulizia kama kati yenu na shule kuna korongo au mto usio na daraja. Njia ya kilomita 5 inayokatika Machi hadi Mei inamnyima mtoto wiki kadhaa za muhula wa kwanza.

Chakula cha mchana nacho kinalinganishwa, maana mtoto aliyeamka alfajiri na kushinda njaa hasikii hisabati ya saa saba. Ukiweka gramu 200 za mahindi na 60 za maharage kwa siku, kwa siku 190 za masomo, unapata kilo 38 za mahindi na kilo 11 na kitu za maharage. Yaani debe mbili na kidogo za mahindi na kama nusu debe ya maharage kwa mwaka mzima, ongeza chumvi, mafuta, kuni na mpishi. Shule ikidai gunia la kilo 100 kwa chakula cha mchana peke yake, omba maelezo. Na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 maelekezo ya serikali yako wazi kwenye hilo.

---

Bureti50

Shule mpya: ihukumu kwa ikama (idadi ya walimu waliopo kwa mahitaji), sio kwa vigae. Nyingi za hizi zimejengwa kwa SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha sekondari, majengo yanakuja kamili na maabara, walimu wanakuja polepole. Omba kuona ratiba ya vipindi iliyobandikwa. Hesabu masomo yenye jina la mwalimu na yale yenye nafasi wazi. Kama Hisabati na Kiingereza zina mwalimu, na darasa halizidi sana 40, kidato cha kwanza pale kinaweza kuwa bora kuliko mkondo wenye watoto 90. Kiingereza nakitaja makusudi: mtoto ametoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili, sasa Fizikia na Kemia zinakuja kwa Kiingereza. Uliza wiki za mwanzo wanafanya kozi ya kuwavusha lugha au wanaruka moja kwa moja kwenye mada.

Kama tayari kuna kidato cha pili, yapo matokeo yake NECTA. Angalia Hisabati tu. Kundi la kwanza la shule mpya linaonewa kwa sababu lilianza walimu wakiwa hawajafika, kwa hiyo usilihukumu kwa ukali, ila kama waliofaulu Hisabati ni watatu kati ya 80, mwalimu hayupo.

Uliza pia shule iko mkondo wa elimu ya jumla au wa amali. Wa amali una mafunzo ya ufundi ndani yake na ni mzuri kwa anayeutaka, ila mzazi wa mtoto anayelenga Fizikia, Kemia na Biolojia aelewe anachokiingia kabla, sio kidato cha pili.

---

Ikama_Mstaafu

Uhamisho unaanzia unakokwenda. Nenda kwa mkuu wa shule unayoitaka, akikubali kwamba nafasi ipo akuandikie. Bila nafasi hakuna uhamisho, hata ukiwa na barua ya nani. Kisha unamwandikia mkuu wa shule alikopangiwa, ukieleza sababu (umbali na usalama wa binti ni sababu inayoeleweka, "shule mbaya" inaleta mabishano tu). Anapitisha, barua inakwenda kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Ndani ya halmashauri moja inaishia hapo kwa Mkurugenzi. Ukivuka halmashauri au mkoa, ofisi ya mkoa inahusika na muda unaongezeka.

Mtoto aripoti kwanza kule alikopangiwa. Wazazi wengi wanakosea hapa: wanampeleka moja kwa moja shule nyingine kwa makubaliano ya mdomo. Kule anaandikwa mtoro, huku hayumo kwenye mfumo wa kompyuta wa taarifa za wanafunzi, na mambo yanafumuka siku ya kusajili mtihani wa kidato cha pili, namba yake inasoma shule ambayo hajawahi kukanyaga. Hakikisha taarifa zake zimehamishwa kwenye mfumo, sio karatasi tu, na uone kwa macho yako.

Muda mzuri ni Januari hadi Machi ya kidato cha kwanza, au mwanzoni mwa cha tatu. Kidato cha pili na cha nne usimhamishe. Usajili ukishafanyika umechelewa, na alama za maendeleo zinaweza kubaki alikotoka. Ndiyo maana kwenye jedwali la masomo kuna safu ya NO-CA, yaani wasio na alama za maendeleo.

---

Chaki_na_Ubao

Kwa ulichokiona kwenye matokeo, dada, mimi ningeiondoa ya pili kwenye orodha hata na hosteli yake. Imebaki yenu na hiyo mpya. Ripoti kwenye yenu Januari, halafu wiki ya tatu ya masomo pita shule mpya Jumanne au Jumatano saa nne asubuhi bila kutoa taarifa, simama nje ya darasa la kidato cha kwanza. Jumatatu kuna vikao na Ijumaa watu wanaondoka mapema, siku hizo zitakudanganya. Ukikuta mwalimu wa Hisabati yuko ubaoni na ratiba haina mapengo, kilomita 2 zinatosha kuwa sababu ya uhamisho, na bado una mpaka Machi.